Bwawa Lililosogea Hatua Moja kwa Siku

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Auleria alipima kwa hatua zake umbali kutoka bwawa la kuogelea la shemeji yake hadi mlango wa chumba cha mpishi. Zilikuwa hatua ishirini na mbili. Jumatatu zilikuwa ishirini na tatu, Jumapili ishirini na nne. Alirudia, kwa sababu alikuwa nesi na alizoea kupima mara mbili, akapata ishirini na mbili. Akaandika kwenye daftari, akamalizia uji uliokuwa umeshapoa, akamvisha mwanawe Priscila sweta, akaenda kazini.

Bwawa lilikuwa linatembea. Lilisogea hatua moja kila alfajiri, pamoja na vigae vyake vya bluu, ngazi yake ya chuma na maji yake yote, na halikumwaga hata tone. Lilipotoka palibaki majani yaliyolowa kidogo, kama ya umande. Mibuni miwili iliyokuwa njiani iliamka siku moja ikiwa upande wa pili wa maji, mizima, na matunda yake. Fundi wa pampu aliitwa, akatazama, akaunga mpira wa mita sita, akasema kama litaendelea hivyo ni bora wanunue mpira mrefu mara moja kuliko kumsumbua kila wiki.

Frednand, mwenye bwawa, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa. Kwenye kilima kile, nje kidogo ya mji wa Ngara ukitokea Nyamiaga, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Upande wa barabara alijenga ukuta mrefu, juu akapanda vipande vya chupa, ili wezi wasiingie. Pande nyingine tatu kulikuwa na michongoma tu, na kati ya bwawa na nyumba hakuweka kitu. Waya wa uzio alikuwa nao, roli mbili nzima. Aliuzungushia banda la kuku, maana kuku walikuwa wanaibwa.

Auleria aliishi kwenye nyumba ndogo ya pembeni, ndani ya kiwanja hichohicho. Mumewe, Renatus, alikuwa mdogo wake Frednand, dereva wa malori aliyeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Hati ya kiwanja kizima ilikuwa na jina la Frednand. Nyuma, karibu na jiko la nje, kulikuwa na chumba cha Speciose, mpishi, aliyelala humo na binti yake Kaneza wa miaka miwili.

Mwanzoni watu walidhani bwawa linaelekea jikoni. Kisha paa la Speciose likavuja, akahamia stoo upande wa pili wa uwanja kwa siku nne, na bwawa likageuka likaanza kwenda stoo. Paa liliporekebishwa akarudi chumbani kwake, na bwawa likageuka tena.

"Linamfuata Kaneza," Speciose alimwambia Auleria. Alikuwa akimenya ndizi. "Ndiye mdogo kuliko wote wanaotembea hapa."

"Umejua lini?"

"Wiki iliyopita. Nilidhani mmeshaona. Nyie ndio mmesoma."

Auleria alimkuta Frednand barazani akinywa chai na wageni wawili wa kahawa.

"Shemeji, bwawa linamfuata mtoto."

"Linapenda watoto," alisema Frednand. "Mimi mwenyewe nimelijenga kwa ajili ya watoto."

"Litie uzio. Pande zote nne, urefu wa kifua changu. Geti lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu mtoto asipofika. Na hivi viti viondoke pale ukingoni, mtoto asije akapandia. Halafu kila watoto wakiwa nje, awepo mtu mmoja mwenye kazi ya kuwatazama tu. Mmoja, anayejulikana. Bila simu."

"Nesi, wewe hata kikombe cha chai ungekitia geti."

Wageni wakacheka. Auleria naye alicheka kidogo, maana ilichekesha kweli, kisha akasema yote tena kuanzia mwanzo.

"Uzio unaharibu sura ya mahali," alisema Frednand. "Na ukuta si nimejenga?"

"Ukuta ni wa wezi."

"Basi wezi hawataingia."

Siku iliyofuata Auleria alichukua kamba ya katani. Kwanza aliizungushia chumba cha Speciose, na alfajiri bwawa likasogea hatua yake kama kawaida. Aliona kwamba likifika litapita chini ya kamba ile bila shida. Akaifungua. Akapigilia vigingi vinne kwenye pembe za bwawa lenyewe na kuizungusha hapo. Asubuhi hatua zilikuwa ishirini. Kesho yake ishirini. Kesho kutwa ishirini. Ilikuwa kamba tu, ya unene wa kidole, mtu mzima angeivuka bila kuacha mazungumzo yake. Bwawa lilikaa ndani yake kimya siku tisa, na Speciose akawa anapika bila kugeuka nyuma kila dakika.

Siku ya kumi ilikuwa komunyo ya kwanza ya Derick, mtoto mkubwa wa Frednand. Walikuja wageni kutoka Bukoba na Mwanza, na mpiga picha alisema kamba inakata picha katikati. Frednand akaing'oa. Jioni Auleria aliirudisha. Frednand akaing'oa tena, kwa kuwa wageni wengine walikuwa hawajaondoka. Auleria akairudisha. Mara ya tatu Frednand alikuja hadi mlangoni kwake, kamba ikiwa imekatwa vipande mkononi, akavipanga vizuri juu ya kibaraza chake.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," alisema. "Wewe ni mke wa mdogo wangu. Ukirudia, utafute pa kuishi."

Auleria alimpigia Renatus, ambaye alikuwa kwenye bandari kavu ya Isaka akisubiri mzigo.

"Kamba tu?" aliuliza Renatus.

"Kamba tu."

"Sasa kwa nini mgombane kwa ajili ya kamba? Kiwanja ni chake, mke wangu. Vumilia. Nikirudi nitaongea naye."

Alirudi mwisho wa mwezi, akaongea na kaka yake kuhusu matairi, akaondoka.

Hatua zilipofika kumi na tano Auleria alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji aliitwa Audax, kijana mwenye adabu aliyepanga faili zake kwa rangi. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kitabu cha sheria ndogo, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa.

"Visima vipo," alisema. "Mashimo ya choo yapo. Mashimo ya kufyatulia tofali yapo. Mashimo ya kuivishia ndizi yapo. Bwawa la kuogelea halimo, nesi."

"Linatembea."

"Kutembea nako hakumo. Ila likivuka mpaka wa kiwanja, uje. Hapo itakuwa suala la ardhi, na ardhi tunaishughulikia." Alifikiri kidogo. "Subiri. Kipengele cha saba. Shimo lolote lenye kina lifunikwe. Hicho naweza kumwandikia."

Akamwandikia, akagonga muhuri. Barua ilichukua siku kumi na moja kufika, kwa sababu mgambo wa kuipeleka alikuwa na msiba.

Frednand alikuwa mtu wa kutii sheria. Alisoma barua, akaita vijana watatu, akawaambia wafunike. Nao walifunika kama walivyofundishwa na baba zao kufunika shimo la kuivishia ndizi: wakalaza fito, wakatandika turubai, wakapanga majani ya migomba yakilaliana, wakamwaga udongo juu na kuusawazisha kwa majembe. Kazi ilikuwa safi. Kila mtu pale alikuwa amekua akiruka juu ya mashimo ya namna hiyo. Kuku hupita juu yake, mbuzi hulala juu yake, na hakuna kinachotokea, kwa sababu ndani yake mnakuwa mmejaa ndizi hadi juu.

Auleria alitoka kazini, akatazama. "Mmelificha," alisema. "Mwanzo mtoto alikuwa anaona maji."

"Barua imesema lifunikwe," alisema Frednand. "Limefunikwa. Nesi, huridhiki?"

Bwawa lilisogea na kifuniko chake. Jumamosi, baada ya mvua ya siku mbili, ukingo wake ulikuwa kwenye kizingiti cha Speciose. Mtu akitoka chumbani mle alikanyaga majani ya migomba moja kwa moja.

Ilikuwa saa nane mchana. Barazani walikuwa wanakula watu wazima saba. Soda ziliisha, na Frednand akamtuma Speciose dukani. Speciose alimwacha Kaneza amelala, akawaambia waliopo kwamba mtoto yuko ndani. Wote saba walisikia. Kila mmoja aliona wenzake sita wapo, akaendelea kula.

Auleria alitoka nyumbani kwake muda huo. Alikuwa na tabia ya kuhesabu watoto, waliomzoea walimtania kwa hilo. Uwanjani aliwaona wanne. Akageukia mlango wa Speciose, ulikuwa wazi. Katikati ya udongo uliosawazishwa palikuwa na tundu la ukubwa wa ungo. Hakukuwa na kelele yoyote. Hakukuwa na hata mrusho wa maji. Mtu mmoja barazani alikuwa akieleza jinsi bei ya kahawa ilivyoshuka, na hakuacha kueleza hadi Auleria alipokuwa ameshaingia kwenye tundu na viatu vyake.

Chini kulikuwa giza, na turubai lilimlalia kichwani. Alipapasa kwa mikono, akakamata gauni. Alimtoa Kaneza akiwa wa rangi ya majivu, akamlaza juu ya udongo, akampulizia, akambonyeza kifua, akampulizia. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, mtoto alitapika maji na vipande vya majani, akalia.

"Bahati nzuri," alisema Frednand. Alimwagiza mtu alete shuka.

Speciose alirudi na kreti ya soda kichwani. Aliambiwa. Aliitua kreti taratibu, chupa hazikugongana. Alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akambeba Kaneza mgongoni, akapita kwa Auleria ambaye alikuwa bado anakamua sketi yake.

"Naenda Mbuba kwa dada yangu," alisema. "Ana shamba, nitalima naye. Nakushukuru sana, mama Priscila. Mungu akulipe." Aliweka sawa kitenge. "Ila sasa hesabu hatua za kwako."

Frednand alimwajiri mpishi mwingine, mama mtu mzima ambaye watoto wake walishaoa. Turubai lilitolewa kwa sababu msimu wa kuanika kahawa ulikuwa umefika. Kuhusu uzio alisema barua imeshatekelezwa na mtoto akaanguka hivyohivyo, kwa hiyo hakuona uzio ungesaidia nini.

Jumatatu bwawa liligeuka. Kutoka ukingo wake hadi mlango wa Auleria zilikuwa hatua thelathini na moja, na Jumanne zikawa thelathini.

Priscila alikuwa na miaka mitatu. Alipenda kulala chali sakafuni na kuimba nyimbo za chekechea akikosea maneno. Kila asubuhi alisimama dirishani, akaripoti. "Mama, limekuja," alisema, kama anayesema gari la maziwa limekuja. Alilipungia mkono.

Auleria alichukua likizo yake yote ya mwaka. Alikaa kwenye kigoda kati ya mlango na maji. Alimfunga Priscila kengele ya mbuzi kiunoni, Priscila akajifunza kuishika isilie. Aliweka komeo la juu, Priscila akajifunza kuburuta ndoo na kuipanda. Alimwendea Frednand mara nne. Mara ya kwanza Frednand alimwambia amfundishe mtoto kuogelea. Mara ya pili alimwambia kwamba maji yake yana dawa, ni safi kuliko ya bombani. Mara ya tatu alikuwa kwenye simu.

Mara ya nne Auleria alipiga magoti. Hakuwahi kumpigia magoti mtu tangu siku ya send-off yake.

"Shemeji, naomba waya wa banda la kuku. Siku mbili tu, hadi Renatus alete mwingine."

"Na kuku?"

Auleria akainuka, akapangusa magoti.

Likizo iliisha zikiwa zimebaki hatua sita. Siku ya kwanza kazini, kabla ya wagonjwa kufika, alifungua rejista ya watoto wa kliniki. Alikuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe: majina, tarehe za kuzaliwa, uzito. Kwenye kilima kile kulikuwa na wachanga wawili, lakini hao walikuwa wa mgongoni, na bwawa halikuhesabu asiyetembea. Mdogo kuliko wote waliotembea alikuwa Priscila. Aliyemfuata alimzidi kwa wiki tano tu. Jina lake Irambona, mjukuu wa mzee Nzeyimana aliyeishi mteremkoni nyuma ya michongoma.

Auleria alisoma jina lile mara mbili. Akafunga rejista. Jumamosi alimpandisha Priscila kwenye gari, akampeleka Kanazi kwa mama yake, na begi la nguo, na kadi ya kliniki, na kengele.

Jumapili na Jumatatu bwawa lilikaa mahali pake. Jumanne liligeukia mteremkoni.

Frednand aliona pia. Alisimama ukingoni na mswaki mdomoni. "Umeona, shemeji?" alisema. "Limekuachia. Nilikuambia halina shida."

Kwenye mteremko maji yaliinama pamoja na kilima, na hayakumwagika. Yalipoikaribia michongoma, Auleria alirudi kwa Audax.

"Linavuka mpaka," alisema. "Uliniambia nije."

Audax alifurahi kumwona. Alitoa faili la kijani, akakunjua ramani ya kitongoji, akaitandaza juu ya meza na kukaa nayo muda mrefu.

"Mpaka na nani?" aliuliza.

"Na mzee Nzeyimana."

"Pale kwa mzee Nzeyimana hapajapimwa. Unajua yeye alikuja na wale wa kutoka Burundi, akapewa tu pa kujishikiza na baba yake Frednand. Hakuna karatasi." Aliigusa ramani pale, palikuwa peupe. "Mpaka ambao haupo haliwezi kuuvuka, nesi. Kama lingekwenda upande ule mwingine, kwa mwalimu, ningeandika leo hii."

Auleria alitoka hapo akateremka kwa mzee Nzeyimana. Alimkuta nje, amekaa juu ya gunia, akichambua maharage kwenye ungo. Irambona alikuwa pembeni yake akiyapanga mabovu mstari mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, nesi. Kaa. Hatuna kiti, kaa hapo kwenye kinu."

Akakaa. Kutoka pale bwawa lilionekana vizuri juu ya mteremko, la bluu kati ya migomba. Alikuwa ameshahesabu akija.

"Hatua arobaini," alisema mzee. "Na mimi nahesabu."

"Mpeleke mtoto kwa ndugu, mzee. Liko polepole. Muda upo."

"Ndugu gani?"

Mama yake Irambona alivuka kurudi Burundi kutafuta waliobaki, miaka miwili iliyopita, na hakuna barua iliyofika. Jambo hilo lilikuwa kwenye kadi ya mtoto, mahali pa jina la mzazi. Auleria ndiye aliyeliandika.

"Kamba inalizuia," alisema hatimaye. "Niliona kwa macho yangu. Siku tisa."

"Nilisikia. Na nilisikia alichokuambia. Wewe una mume wa damu yake, akakuambia utafute pa kuishi. Mimi ataniambia nini?" Mzee alipuliza makapi. "Hapa nilipokaa ananivumilia tu."

Irambona alileta harage bovu, akaliweka kwenye kiganja cha Auleria, akarudi kwenye mstari wake.

"Nikuulize kitu, nesi," alisema Nzeyimana. "Ulijua kwamba baada ya wako ni wangu?"

"Nilijua. Iko kwenye rejista."

"Ukampeleka wako."

"Nilimpeleka."

Mzee aliutikisa ungo mara mbili tatu, maharage yakajikusanya upande mmoja. Uso wake haukubadilika. "Hata mimi ningempeleka," alisema. Akauweka ungo chini. "Basi nifundishe ile uliyomfanyia mtoto wa Speciose. Nimesikia alikuwa ameshakwenda."

Auleria alichukua gunia dogo la maharage, akalilaza chini. Alimwonyesha mahali pa kifua, mkono mmoja tu kwa sababu mtoto ni mdogo. Alimwonyesha jinsi ya kuinua kidevu. Kwanza pumzi tano, alisema, kisha unabonyeza mara thelathini, haraka, kisha pumzi mbili, na huachi hadi alie. Mzee alipiga magoti kwa shida. Alibonyeza akihesabu kwa Kirundi, polepole, kwa heshima, kama mtu anayekanda mgonjwa.

"Haraka zaidi, mzee."

Aliongeza. Alipofika ishirini na mbili alisimama, akashika mbavu zake, akakohoa. Irambona alikuja akasimama juu ya gunia, akalitazama, akauliza linaumwa nini.

"Pumzi yangu fupi, nesi," alisema Nzeyimana. "Tangu mwaka ule wa nimonia. Wewe mwenyewe ulinitibu."

"Nakumbuka."

"Mtu wa pumzi fupi anaweza?"

Auleria alimsogeza Irambona pembeni kwa mkono. Alilirudisha gunia mahali pake, akalinyoosha.

"Anza tena," alisema.